Boti tuliyokodi Batticaloa kuishukia HMS Hermes

Tangu turudi, kundi letu la kupiga mbizi hapa Nairobi limekuwa likiniuliza kuhusu boti tuliyokodi Batticaloa, mashariki mwa Sri Lanka, kwenda kushuka kwenye HMS Hermes. Naandika mara moja ili kila mtu asome. Kwa kifupi: boti ni nzuri, nahodha ni bora kuliko boti yake, na gesi yao uipime mwenyewe kabla hujaivuta.

Jina la kampuni sitaliweka hapa kwa sababu kuna jambo kati yetu ambalo bado tunalimaliza kwa mazungumzo, nitalieleza huko mbele. Anayetaka namba yao aniulize tukionana.

Nianze na meli yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuelewa kwa nini boti ya kawaida haitoshi. Hermes ilikuwa manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, ya kwanza duniani kusanifiwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Tarehe 9 Aprili 1942 ndege za Japani ziliikuta nje ya Batticaloa. Ilikuwa imeondoka bandari ya Trincomalee kukwepa shambulio, na haikuwa na ndege hata moja ya kuitetea. Ilizama na watu 307. Manowari ya Australia iliyokuwa ikiisindikiza, Vampire, ilizamishwa siku hiyo hiyo, na meli ya mafuta British Sergeant nayo ikapigwa. Leo Hermes imelalia ubavu wa kushoto kwenye mchanga, kina cha kama mita 53, na hata sehemu yake iliyo karibu zaidi na uso wa bahari imepita mita 40, yaani imepita mpaka wa mzamiaji wa kawaida.

Kwetu hii si historia ya mbali. Februari 1941 Hermes ilikuwa kwenye bahari hii yetu, ikiunga mkono majeshi yaliyokuwa yakiwasukuma Waitaliano kutoka Kismayu. Na baada ya mashambulizi yale ya Aprili 1942 Waingereza waliona Ceylon (Sri Lanka ya leo) si salama tena, wakahamishia kikosi chao cha meli Kilindini, na wataalamu wao wa kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani wakawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, Mombasa. Mjomba wangu alisoma pale. Miaka miwili baadaye meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikiwa imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300. Hiyo iko kwenye kina ambacho hakuna mzamiaji atakayekifikia. Hermes tunaweza kuifikia, na hiyo ndiyo iliyonifanya niianzishie chama.

Sasa kuhusu kina. Wengi tunakumbuka lile gari lililotumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni Septemba 2019. Lilipatikana mita 58, na siku zote zile nchi nzima ilikuwa ikiuliza mbona wapiga mbizi hawashuki tu wakalitoa. Kwenye kina hicho hakuna kushuka tu. Mita 53 chini ya bahari shinikizo linazidi mara sita la hapa juu, na naitrojeni iliyo kwenye hewa ya kawaida inamlewesha mtu. Kazi yangu ya kila siku ni nusu kaputi. Ninaijua sura ya mtu ambaye akili inamtoka huku yeye mwenyewe akiamini yuko sawa, na ndiyo maana sikubali kushuka huko na hewa tupu, hata kama kuna wanaojisifu kwamba wameshuka.

Dawa yake ni heliamu. Mchanganyiko tuliotumia una oksijeni asilimia 18, heliamu asilimia 45, iliyobaki ni naitrojeni, na ukiuvuta ukiwa mita 53 kichwa kinabaki kama kiko mita 25 hivi. Lakini heliamu haikusamehe deni la kupanda: gesi iliyoingia mwilini huko chini lazima itoke polepole, la sivyo inafanya mapovu kwenye damu. Dakika 25 za huko chini zinakudai zaidi ya nusu saa ya kupanda kwa vituo, yaani kusimama na kusubiri kwenye vina mbalimbali. Ukifika mita 21 unabadili gesi na kuvuta yenye oksijeni nusu, mita 6 unavuta oksijeni tupu, na hapo unakaa mpaka kompyuta ikuruhusu. Ukisikia baridi huwezi kupanda. Ukiogopa pia huwezi. Muda wote huo bahari inakusogeza, nawe humwoni mtu yeyote wa juu.

Kwa hiyo ukikodi boti ya namna hii, hulipii kupelekwa. Nahodha yeyote mwenye GPS atakufikisha Hermes. Kutoka ufukweni si mbali. Unalipia kusubiriwa na mtu anayejua uko wapi wakati hawezi kukuona. Hiyo ndiyo mizani niliyoipimia boti hii, na watu wa Batticaloa wameishinda boti yoyote niliyowahi kupanda.

Boti zetu za pwani sizidharau. Za Diani, Watamu na Mombasa nyingi zimeundwa kwa matumbawe ya mita 15 au 20, na kwa kazi hiyo ziko sawa kabisa. MV Dania, ile iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 upande wa kaskazini wa Mombasa, ndipo wengi wetu tulipojifunza adabu ya kuwa karibu na chuma chini ya maji. Lakini jaribu kupanda boti hizo ukiwa na mitungi pacha mgongoni na mingine miwili ubavuni. Benchi halina pa kuishikilia mitungi, kivuli kinamtosha nahodha peke yake, na oksijeni ya dharura, ikiwepo, ni mtungi mdogo.

Hii ya Batticaloa ina injini mbili. Benchi zake zimekatwa matundu ya kusimamishia mitungi, na kila mtungi una mpira wake wa kuufunga. Turubai linafunika wazamiaji wote, na hilo si anasa: mtu aliyevaa suti nene chini ya jua la ikweta kwa nusu saa anaanza kushuka akiwa tayari ameishiwa maji mwilini, na mwili uliokauka ni rahisi zaidi kupatwa na maradhi ya kupanda, yale ya mapovu. Oksijeni ya dharura ilikuwa mtungi mkubwa, na wakaufungua mbele yetu tuone mshale unaposimama.

Kuna kijana mmoja wa sitahani ambaye ningependa kila boti duniani iwe naye. Ana daftari la shule na penseli. Kila mtu anapokaa ukingoni kabla ya kuruka, anapita nyuma yake na kugusa valvu moja moja kwa mkono, akianzia kulia, anaifungua mpaka mwisho, kisha anakugonga begani. Anaandika jina lako, saa uliyoruka, na dakika ulizosema utakaa. Siku ya kwanza alipofika kwa mwenzetu mmoja, alikuta valvu ya mtungi wa kushoto imefunguliwa robo tu. Hakusema kitu. Aliizungusha, akamwonyesha kwa kidole, akagonga bega, akaenda kwa anayefuata. Kwenye chumba cha upasuaji nina orodha ninayoipitia kabla ya kumlaza mgonjwa hata kama nimeshalaza mia, na nilipomwona kijana huyu anavyofanya, moyo wangu ulitulia.

Halafu nahodha. Ni mzee wa makamo, mvuvi kwa asili, hana maneno mengi. Siku moja tulikuwa juu ya Hermes, kamba ya kushukia imeshafungwa, sisi tumevaa kila kitu na tumekaa ukingoni. Ukiwa na mzigo ule mwilini hutaki kusikia neno lingine zaidi ya kuambiwa ruka. Mzee akachukua ganda la nazi akalitupa majini, akalitazama linavyokimbia. Akaangalia boya lilivyovutwa mpaka limezama nusu. Akatikisa kichwa.

Mmoja wetu akamwomba: “Captain, tushuke dakika 10 tu, turudi.”

Akajibu kwamba dakika 10 za chini hana shida nazo. Shida yake ni kupanda, sisi tukiwa tunaelea na mkondo na kila mmoja ametoka kwa saa yake, yeye ana boti moja tu. Tukavua. Tulikaa chini ya turubai tukanywa chai ya rangi, zaidi ya saa moja, mpaka ganda lingine alilotupa likawa linasogea polepole. Ndipo akasema sasa.

Najua wapo watakaoona hiyo ni siku nusu iliyopotea kwa pesa zao. Mimi hapo ndipo nilipoona pesa yangu imefanya kazi. Andrea Doria, iliyozama Julai 1956 mbele ya pwani ya Marekani baada ya kugongana na meli ya Stockholm, iko kama mita 75, na kwa miaka mingi wazamiaji wamekuwa wakikodi boti kutoka Montauk kwenda kuishukia. Zaidi ya kumi wamefia pale. Kila mtu kwenye boti kama ile amelipa pesa nyingi, ameomba likizo, na hali ya hewa inampa siku chache tu, kwa hiyo shinikizo la kushuka linaanza hata kabla hujagusa maji. Nahodha anayeweza kuwakatalia watu sita waliomlipa ndiye wa kumkodi.

Kuhusu meli yenyewe sitaeleza sana, kila mtu ataiona kwa macho yake. Maji yalikuwa ya buluu na tuliiona kivuli chake kabla hatujafika nusu ya kamba. Ubavu wake ni ukuta. Tulifika kwenye mzinga mmoja, umevikwa matumbawe, samaki wadogo wa kimanjano wakiingia na kutoka mdomoni mwake, na kwa pembeni kuna chewa mkubwa asiyeturudisha nyuma wala kutukimbia. Hatukuingia ndani na hatukugusa kitu. Ni kaburi la watu 307, na nahodha alitwambia kabla ya kuondoka ufukweni kwamba atakayepanda na kipande chochote hatashuka tena na boti yake. Nilimheshimu kwa hilo.

Wakati wa kupanda ndipo boti ilipoonyesha thamani yake. Kila mmoja anafyatua boya lake la rangi ya chungwa lenye jina lake kwa kalamu nyeusi. Kutoka mita 6 nilikuwa nasikia injini ikiunguruma taratibu, haitusogelei, haiendi mbali. Kisha tukaona kamba inashuka na mtungi wa oksijeni wa akiba umefungwa mwisho wake, ukasimama karibu kabisa na usawa wetu. Hakuna aliyeuhitaji. Lakini kukaa pale, huna cha kufanya ila kupumua na kuhesabu, huku ukiuona mtungi ule unaning'inia, ni faraja kubwa mno. Baadaye kijana alinionyesha daftari: saa kila boya lilipotokea, na kwa nani.

Sasa lalamiko langu. Gesi. Mitungi yetu ililetwa imebandikwa plasta, imeandikwa 18/45. Kipimo changu nilikibeba kutoka nyumbani, na mitungi miwili kati yake heliamu ilikuwa pungufu sana, chini ya asilimia 40. Si pungufu ya kuua, lakini mtungi unaosema kitu kimoja na kubeba kingine haufai kumfikia mzamiaji. Walipoona kipimo hawakubishana, waliichukua na kuichanganya upya. Tatizo ni kwamba asubuhi ile ilipita bila kushuka, na mwisho wa safari ilikuwa kwenye hesabu yetu kama siku nzima ya boti. Nahodha akikataa kwa sababu ya mkondo nalipa bila neno, bahari haina mwenyewe. Gesi wameichanganya wao. Nimewaandikia, wamejibu kwa uungwana na kukubali kupunguza kiasi, na mimi bado nasubiri waseme kiasi gani.

Kwa hiyo ukienda, pima kila mtungi mwenyewe, mbele yao, na uandike kwa mkono wako juu ya plasta: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, jina. Hawachukii. Yule kijana wa daftari alikuja kusimama nami akashika mitungi nikipima.

Mengine madogo. Ngazi ya kupandia ni nyembamba na imesimama wima mno, na mwanamke mfupi kama mimi akiwa na mitungi pacha anapanda kwa taabu. Inabidi uivue mitungi ya kando majini uwakabidhi kwanza. Wangeirefusha na kuilaza kidogo. Chakula ni wali na mchuzi wa samaki uliofungwa kwenye majani, mtamu na wenye pilipili ya kweli, nami sina ubaya wa kusema hapo. Choo ni ndoo nyuma ya pazia.

Pesa. Boti inakodishwa nzima kwa siku, bei ni ile ile mkiwa wawili au sita, kwa hiyo usiende peke yako. Sisi tulichanga kila mwezi kwa M-Pesa, mweka hazina akawa anatuma kwa benki, na wao wanadai nusu kabla ya msimu. Gesi ni hesabu tofauti na ndiyo inayouma. Fanya hesabu hii kabla hujakubali bei yoyote: mitungi pacha ya lita 12 iliyojazwa bar 200 ni lita 4,800 za gesi. Asilimia 45 yake ni lita 2,160 za heliamu tupu, kwa mtu mmoja, kwa mshuko mmoja. Ukivuta lita 20 kwa dakika hapa juu, kule mita 53 unavuta kama 126, kwa hiyo dakika 25 zinakula zaidi ya lita 3,100, na kilichobaki ndicho akiba yako ya kupandia na ya kumsaidia mwenzako. Usijaribu kuokoa hapo. Wenye mitambo ya kurudisha pumzi, inayosafisha pumzi uliyotoa ili uivute tena, wanatumia heliamu kidogo sana, na kwao bei inashuka vizuri, ila lazima wabebe gesi ya kujiokolea mtambo ukigoma. Heliamu iliagizwa mapema kutoka Colombo. Mkichelewa kuthibitisha idadi ya watu, hampati.

Msimu unatufaa sisi kuliko mtu yeyote. Kusi inapovuma na kutufungia bahari ya Diani, maji yakiwa kahawia na boti zimefungwa, upande ule wa mashariki wa Sri Lanka ndio unatulia, kwa sababu kisiwa chenyewe kinaukinga upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba ndipo wanapofanya kazi. Hakikisha siku ya kwanza mnashuka British Sergeant, iliyo mita ishirini na kitu karibu na Passikudah, mjaribu vifaa vyote hapo. Nahodha anaidai siku hiyo, wala usimbishie.

Na jambo la mwisho, ambalo lilinifanya niwaamini kabisa. Tulipokuwa tunapanga ratiba kwa barua pepe, nahodha aliuliza tunaishi wapi, na Nairobi iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Hakuna boti ya pwani yetu iliyowahi kuniuliza swali hilo. Nairobi iko kama mita 1,700. Mtu aliyefanya mshuko wa vituo akipanda ndege na kisha kutua JKIA, bado hajarudi usawa wa bahari, anabaki juu, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaendelea kutoka, hewa ikiwa nyepesi. Akaweka siku nzima ya mapumziko kabla ya safari ya ndege, na hakutukodisha boti siku hiyo ingawa tulitaka. Tulilala, tukala, tukaenda kuangalia mnara wa taa na ngome ya Wareno pale mjini. Wale wanaopiga mbizi Diani Jumapili asubuhi na kupanda SGR mchana kurudi kazini Jumatatu, tafadhali mnisikilize. Treni inakupandisha milima ile ile.

Tumeshaomba tarehe nyingine kwa msimu ujao, boti ile ile, nahodha yule yule, na tumewaandikia kwamba mitungi itapimwa ufukweni siku moja kabla. Nafasi mbili bado ziko wazi. Lazima uwe na cheti cha trimiksi (ule mchanganyiko wenye heliamu) na mishuko ya karibuni, si ya miaka mitatu iliyopita, na uje bwawani Jumamosi na mitungi yako yote tukuone ukibadili gesi.